Nyumba ya Edelmira Yateremka Kilima

Edelmira Barrientos alikuwa na nyumba nzuri mahali pabaya, na wifi yake Zunilda alikuwa na nyumba ya hivi hivi mahali pazuri. Ugomvi wao wote ulikuwa huo. Mengine nyongeza tu.

Nyumba ya Edelmira ilikaa juu ya kilima, nyuma ya mitufaha, imevikwa vigae vya mbao alivyovichonga mumewe Nolberto kwa mkono. Ndani mlikuwa na vyumba safi vya wageni, mablanketi mazito ya sufu, jiko la kuni lisilozimika, na mkate ambao hata padri akija kusoma misa husingizia mvua ili asiondoke. Lakini mgeni atajuaje? Mtu anayekuja kwetu Chiloé, kisiwa cha kusini mwa Chile, kutazama pengwini na kanisa la mbao hushuka kwenye pantoni ameloa, mzigo mgongoni, na nyumba ya kwanza kuiona ndiyo anayoingia. Na ya kwanza, palepale gatini, ya manjano kama kiini cha yai, ilikuwa ya Zunilda.

Kijicho chenyewe hakikuanza na wageni. Siku Edelmira alipoolewa, Zunilda, dada wa bwana harusi, alileta kitambaa cha meza alichokifuma mwenyewe, na watu wakakitazama kuliko walivyomtazama bibi harusi. Tangu siku hiyo Edelmira akazoea kuona vya mwenzake kabla ya vyake. Zunilda akinunua kondoo, Edelmira hali akashiba. Zunilda akiezeka banda, Edelmira anaombea upepo.

Kilichomchoma zaidi ni ukarimu. Januari, msimu wa wageni, vyumba vya Zunilda vikijaa, alimpandishia wale waliobaki: wakoromaji, wenye mbwa, na yule mzee wa Santiago aliyeoshea miguu kwenye bakuli la kukandia unga.

"Nimekuletea hawa, wifi," Zunilda alisema akiwa mlangoni, kuingia hataki. "Nikasema usije ukalala na njaa na mimi nipo."

"Ahsante, wifi. Mungu akuzidishie," Edelmira akajibu, na moyoni akamalizia: upele.

Asubuhi moja, akikanda mkate, alitazama chini akamwona Zunilda anapungia mkono pantoni utafikiri ni yake. Akaubwaga unga mezani.

"Nolberto, nyumba inahama."

"Nyumba gani?"

"Kwani unazo ngapi? Hii hii. Inateremka mpaka kwenye shamba lako la viazi, ubavuni kwa dada yako."

Nolberto, mtu wa maneno machache, akaitazama dari kama anayeiaga.

Kwetu kuhamisha nyumba si kioja. Nyumba huwekwa juu ya magogo, hufungwa minyororo, maksai wa kijiji kizima wakaivuta, na mwenye nyumba akalisha watu. Ndiyo minga. Haina malipo, ina sharti: mwenye nyumba aende mwenyewe, aingie jikoni kwa mtu, aketi, anywe anachopewa, kisha aseme "nakuomba". Aliyeombwa hana kisingizio. Asiyeombwa hagusi mnyororo, hata nyumba ikimpita puani.

Edelmira akazunguka kijiji kizima, jiko hadi jiko, akinywa pombe ya tufaha mpaka akawa anarudi kwake akiimba. Aliomba hata kwa kina Llancapán, ambao mmoja wa maksai wao ni kipofu.

"Na Zunilda?" Nolberto akamuuliza.

"Zunilda ana nini?"

"Ana maksai bora kuliko wote kisiwani."

"Basi akae na ubora wake."

Hakumwomba. Tena alikuwa ameshanunua rangi, manjano kali kupita ile ya Zunilda, madebe akayasukumia chini ya kitanda.

Siku ya minga upepo wa kaskazini ulikuwa umeshaleta mvua, lakini nyumba iliteremka vizuri, ikiyumba kama bibi kizee anayetoka kanisani. Watu walipiga kelele, maksai walitoa moshi puani, Edelmira alitangulia kifua mbele kama mwenye kuongoza maandamano. Chini kabisa, njia inapopinda karibu na kijito, magogo yakazama. Maksai wakavuta. Wakavuta tena. Nyumba ikaguna, ikainama upande mmoja, ikasimama. Na iliposimama, ilisimama pua kwa pua na nyumba ya Zunilda, imeziba dirisha lake la jikoni na bahari yake yote.

Wageni wa Zunilda wakatoka mbio kupiga picha. Edelmira akasikia utamu ambao hajawahi kuusikia. Wanapiga picha nyumba yangu! Na iozee hapa hapa, akawaza, huyo mwenye gati atazame ukuta mpaka siku ya kiama.

Nolberto akamshika mkono. "Tope linaimeza. Ikilala hapa, kesho madirisha yako yatatazama minyoo."

"Waambie wavute."

"Wamechoka. Kuna jozi moja tu iliyopumzika." Akaelekeza kidevu nyuma ya ua wa Zunilda, ambako maksai wawili wekundu walikuwa wakicheua kwa starehe.

"Nenda wewe. Ni dada yako."

"Nyumba ni yako. Wewe ndiye uliyeomba wengine."

Akaenda. Ile hatua ya kupanda kibarazani ilimwuma kuliko uchungu wa uzazi.

"Hodi."

"Nani?" akauliza Zunilda, naye anamwona vizuri tu.

"Mimi wifi yako."

"Wifi yupi? Ninao wengi." Alikuwa naye huyo mmoja tu.

Akamkalisha karibu na jiko, akammiminia pombe ya zamani, kali kama siki. Edelmira akameza.

"Tamu?"

"Tamu."

"Basi nikuongeze. Mbona giza humu leo, sijui nje kuna nini."

"Nyumba yangu, wifi."

"Alaa! Nilidhani wingu."

Edelmira akaweka gilasi chini. Nje magogo yalilia. "Nakuomba," akasema.

"Mvua hii, sisikii."

"Nakuomba, Zunilda! Nakuomba na maksai wako."

Zunilda akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nitakuja. Ila usipake manjano."

"Nani kakwambia manjano?"

"Nolberto. Kwako ni mume, lakini kwetu ndiko alikozaliwa."

Maksai wekundu wakafungwa mbele, nyumba ikatoka topeni kwa mlio wa jino linalong'oka, na kabla ya giza ilikaa kwenye shamba la viazi. Watu wakala kome, nguruwe na viazi vilivyoivia shimoni juu ya mawe ya moto mpaka wakashindwa kuinuka. Zunilda alikula kuliko wote, haki yake. Nyumba ikapakwa buluu. Ile manjano ikapakwa kwenye banda la kuku, upande ule unaotazamana na Zunilda.

Zile picha nazo zikatembea. Wiki chache baadaye watu wakawa wanashuka kwenye pantoni, wanaipita nyumba ya manjano bila kugeuza shingo, wanauliza: "Iko wapi nyumba iliyotembea?" Vyumba vya Edelmira vikajaa. Na waliobaki, wenye mbwa, akampelekea wifi yake. "Usije ukalala na njaa," akamwambia, "na mimi nipo."

Halafu siku moja, akikanda mkate, akasikia hodi. Zunilda akaingia, akaketi karibu na jiko bila kuambiwa, macho sakafuni. Edelmira akatafuta pombe mbaya kuliko zote ndani ya nyumba, akammiminia.

"Tamu?"

"Tamu," akasema Zunilda, machozi yakimlenga. "Wifi, nakuomba. Nataka kuisogeza nyumba yangu. Kidogo tu. Mbele, kuelekea maji."

Aliyeombwa hana kisingizio. "Nitakuja," akajibu Edelmira.

Alipobaki peke yake aliufuta ukungu kwenye kioo cha dirisha kwa kiwiko chenye unga, akatazama kwa muda mrefu ufukwe ulio mbele ya nyumba yake. Nafasi bado ilikuwepo.