Matanga ya Koko Agathe

Eulalie hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Alikuwa mvivu wa somo la takwimu tu, tena Alhamisi, tena jua likiwa limetoka baada ya mvua ya wiki nzima. Rafiki zake Sagesse na Aimée walikuwa wanakwenda ziwani kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Sagesse. Nani angekaa darasani?

Kisingizio kilihitajika. Malaria alikwisha kuitumia, mafua pia. Basi akamwandikia Blanchard, mkuu wa darasa lao, ujumbe mfupi: koko amefariki. Koko ni bibi yake, Agathe, aliyemlea tangu mama yake alipokufa, na asubuhi ile ile alikuwa amemchemshia maji ya kuoga na kumfungia ndizi za kula chuoni. Kwa nini hakumwua shangazi wa mbali? Nadhani yule wa karibu kabisa tunaona hawezi kufa, ndiyo maana jina lake huja upesi.

Ziwani waliogelea, wakacheza kama watoto. Walimmwagia Sagesse maji kichwani, maana mwenye siku yake harudi nyumbani mkavu, kisha wakala sambaza wa kukaanga, vile visamaki vya ziwa, mpaka vidole vikang'aa mafuta. Eulalie alicheka hadi mbavu zikamwuma. Siwezi kusema furaha ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa furaha hasa.

Ila alisahau jambo ambalo kila mwanafunzi wa Bukavu analijua: mwenzenu akifiwa, hamumtumii pole kwa simu mkanyamaza. Darasa zima huenda matangani. Blanchard, kijana wa moyo laini, aliusoma ujumbe mbele ya wote, mwalimu akafunga somo, wakachanga wakanunua mchele na sukari, wakapanda mlima wa Kadutu, mtaa wa kina Eulalie, wakiimba nyimbo za msiba. Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia uani kwa Koko.

Simu ilimkuta Eulalie bado amelowa.

"Jikaze, dada," Blanchard alisema. "Tuko karibu na kwenu, darasa lote."

Alidandia pikipiki ya kwanza aliyoiona, na njia nzima alimwomba Mungu Koko awe ameenda sokoni.

Hakuwa sokoni. Wanafunzi walikuwa wamejazana uani, nyimbo zimewakaukia midomoni, na mlangoni alisimama marehemu mwenyewe, kitenge kiunoni, mwiko mkononi. Binti mmoja alikuwa amekimbia mpaka barabarani.

"Muingie, batoto," Koko alikuwa akisema. "Ule munalilia njo miye huyu. Lakini chai iko."

Waliingia, maana nani atamkatalia maiti? Aliwanywesha chai, akawauliza majina ya wazazi wao, akacheka mpaka nao wakacheka. Blanchard peke yake hakucheka. Alipoaga alimpa Koko mkono kwa heshima, akampita Eulalie kama mtu anavyopita nguzo.

Walipotoka, Eulalie alipiga magoti. Alingoja kofi. Koko akashika pindo la kitenge chake, akaanza kumkausha nywele.

"Uliogelea muzuri?"

"Koko, unisamehe."

"Miye nilishakusamehe. Lakini siku nitakufa kweli, utaita nani? Batasema, Eulalie iko tena ku ziwa." Mkono wa Koko ukasimama kichwani pake. "Miye sina shida, nitakuwa nalala. Ni weye. Sipende ulie weye peke."

Aibu Eulalie angeivumilia, na hasira pia. Hilo hakuliweza. Aliuona ule ua siku ya msiba, mtupu, viti havina watu, na yeye katikati. Akauficha uso wake mapajani mwa bibi yake akalia kwa sauti, kisha akainuka, bila viatu, akashuka mtelemko mbio kuwafuata wenzake.

"Blanchard! Mungoje! Munisikilize kwanza!"

Aliita, akateleza kwenye matope, akainuka akaita tena, mpaka Blanchard akasimama.