Pesa za Mguu

Kila Krismasi nyumbani Sugoi, baada ya maombi na kabla ya nyama, kaka yangu mkubwa aliuliza mbele ya ukoo wote: "Na pesa ya mtoto iko?"

"Iko," nilijibu. "Hata shilingi moja haijatoka."

Basi wananipigia makofi. Nami, Mungu anisamehe, niliyapenda makofi yale kuliko nyama yenyewe.

Mtoto ni wa marehemu dada yangu. Lori la mahindi liliwagonga wote wawili. Dada akafa, binti, akiwa na miaka sita, akavunjika mguu, na ulipopona ukawa mfupi kuliko mwenzake. Korti iliamuru alipwe fidia. Pesa zikawekwa benki mpaka atimize miaka kumi na minane, mimi nikiwa msimamizi. Wakili alinieleza polepole, kama anafundisha darasa la kwanza: "Akihitaji matibabu ama kiatu special, Mama, usiogope. Unakuja tunaomba korti, inatolewa."

Nilisikia vizuri. Lakini nilikuwa nimewasikia ndugu zangu pia. Mmoja alitaka tununue ng'ombe, eti ng'ombe huzaa. Mwingine alikuwa ameshaona shamba Ainabkoi. Nilipowakatalia wakaanza kunong'ona kwamba nangoja kula peke yangu. Nikaapa kuwafunga midomo.

Kwa hiyo hospitali iliposema kiatu cha mguu ule kiinuliwe, na kibadilishwe kila anaporefuka, niliona midomo ile tu. Nikiomba hata ya kiatu, watasema nimeanza. Mshahara wangu nao ulikuwa ukiishia kwa unga na karo. Nikampeleka kwa fundi wa viatu pale sokoni, akapigilia vipande vya tairi kwenye soli. Kikichakaa, anapigilia vingine, kwa kukisia. Mtoto akalikokota lile tairi kutoka kwetu Kiplombe hadi shuleni, miaka yote. Akisema mgongo unauma, namsugua dawa na kumwambia avumilie. Alivumilia, maskini, kwa sababu ni mtoto mtiifu.

Mwaka jana akatimiza kumi na minane. Alipokabidhiwa pesa zake, jambo la kwanza alitaka kuonwa na daktari wa mifupa. Nikaenda naye. Daktari akampapasa uti wa mgongo, akatazama picha, kisha akatazama kile kiatu.

"Mgongo umepinda," akasema. "Angevaa kiatu cha kumfaa tangu utotoni, hatungefika hapa. Sasa ni upasuaji, na hata hivyo hautanyooka kabisa."

Nikainamisha kichwa. Binti akanishika mkono, akidhani naogopa kisu.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa, nikazidi kupigilia tairi. Nililinda pesa za mguu, mguu wenyewe nikauacha, na aibu hiyo siwezi kumsukumia mtu mwingine, hata wale ndugu wa ng'ombe.

Krismasi ikafika. Kaka akauliza swali lake kwa mara ya mwisho. Nilitaka kusema ukweli, nikajikuta napanga sahani. Binti akasimama, ameshikilia ukingo wa meza.

"Nilikabidhiwa yote, Anko. Anti hajawahi kuigusa, hata ya kiatu."

Alisema kwa kujivunia mimi. Ukoo mzima ukapiga makofi, na yeye akapiga kuliko wote.