Aliyekuwa Kwenye Usukani

Jirani yangu Vidosava anaogopa ofisi. Nyoka wa shambani humkata kwa jembe huku akiendelea na mazungumzo, lakini mpeleke mbele ya mlango wenye kibao na mihuri ndani yake, viganja vinaanza kutoka jasho. Ni mjane. Anachambua rasiberi kwenye ghala la baridi hapa kwetu Arilje, na mwanawe Nenad yuko Austria pamoja na mkewe, mwenye mimba yao ya kwanza. Ndiye mtu wa mwisho ambaye ungemtakia kesi, na kesi ikamwangukia yeye.

Chanzo chake ni Milojko. Huyu ndiye aliyesimamia ndoa ya Vidosava na marehemu mumewe, ndiye baba wa ubatizo wa Nenad, na mjukuu akizaliwa, nyumba hiyohiyo ndiyo itakayomsimamia ubatizo. Kwetu mtu wa namna hiyo anampita ndugu wa tumbo moja. Humsemi vibaya, humpeleki kortini, na mkigombania mpaka wa shamba unamwachia. Atakayemsaliti, watu wanaamini laana haimpati yeye, inawapata watoto wa nyumba yake. Vidosava na Milojko huitana "somo," na sijawahi kusikia mmoja akimpandishia mwenzake sauti.

Kwetu kila nyumba ina mtakatifu wake, na sikukuu ya nyumba ya Milojko iko Desemba. Siku hiyo mwenye nyumba haketi. Anasimama kutwa, anamimina rakia, pombe yetu kali ya matunda, na kila mgeni anayeingia lazima agonge naye glasi. Wageni walikuwa wengi. Jioni Vidosava alipotaka kuita teksi, Milojko alichukia kabisa.

"Somo wangu aondoke na teksi kwenye sikukuu yangu? Kesho nitauficha wapi uso wangu?"

"Umekunywa, somo."

"Nimeonja tu. Dobrila, mwambie kama nimelewa."

Dobrila ni mkewe. Alivaa koti akakaa kiti cha mbele, pembeni ya mumewe. Mama wa watu hagusi pombe kwa sababu ya presha, na leseni anayo. Angeendesha yeye, mambo yangeishia hapo. Lakini mwenye nyumba, siku ya sikukuu yake, aendeshwe na mkewe huku wageni wanachungulia dirishani? Wanaume wetu wamejaa upuuzi huo, na mimi nilimzika wangu, kwa hiyo najua ninachosema.

Kwenye kona ya kuingia darajani gari liliteleza, likaenda kuukumba ukuta wa mawe. Vidosava, aliyekuwa kiti cha nyuma, alivunjika nyonga. Akiwa amelala pale, ambulensi haijafika, akamsikia Milojko akisema kwa sauti ya chini, "Dobrila, hamia huku. Upesi." Akasikia milango ikifunguliwa na kufungwa.

Hospitalini polisi alimuuliza ni nani aliyekuwa akiendesha. Milojko alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, kofia mkononi. Vidosava akasema, "Dobrila." Baada ya hapo wakampeleka kupasuliwa.

Majira ya kuchipua nilimpeleka kwa wakili Verica, maana ilikuwa wazi kwamba hatasimama tena kwenye ghala msimu huo, na huenda hata msimu unaofuata. Alikuwa mgumu kukubali.

"Nimshitaki somo wangu? Afadhali nitambae."

"Humshitaki yeye, mama," Verica akamwambia. "Unaidai kampuni iliyolikatia gari lake bima. Wewe ni abiria. Bima hiyo ipo kwa ajili yako."

Vidosava akatulia. Tukapeleka cheti cha hospitali, picha za eksirei na taarifa ya polisi, tukasubiri. Jibu lilipokuja, Verica alituita wote wawili, na hakutukaribisha kahawa. Nilijua kuna jambo.

"Daktari wa kampuni ameangalia majeraha ya Dobrila kwenye rekodi za hospitali," alisema. "Magari yetu usukani uko kushoto, kwa hiyo mkanda wa dereva unashuka kutoka bega la kushoto. Yeye alama ya mkanda imeshuka kutoka bega la kulia. Alikaa kiti cha abiria. Wamelifikisha kwa mwendesha mashtaka, na wewe umeitwa uwe shahidi."

Vidosava akawa mweupe mpaka midomo. "Nitasema sikuona."

"Ulikuwa nyuma yao."

"Basi nitakataa kuongea."

"Dobrila anaweza kukataa, ni mkewe. Wewe huwezi. Kwa sheria, Milojko si chochote kwako."

"Si chochote?"

"Si ndugu wala si mkwe. Kusimamia ndoa na ubatizo, sheria haivitambui."

Nilimtazama jirani yangu. Ungedhani amezabwa kofi. Verica naye hakupunguza makali, na nilimchukia kidogo kwa hilo, ingawa ndiyo kazi yake. Ulichosema hospitalini, alieleza, ulikisema una maumivu na hukuapishwa, kinaweza kurekebishwa. Ukimtaja Dobrila baada ya kiapo, hilo ni kosa la jinai na ni lako mwenyewe. Ukimtaja Milojko, kampuni itakulipa halafu itamdai yeye fedha hizo, kwa kuwa alikuwa amelewa. Na wewe watakukata sehemu ya malipo, kwa kuwa ulipanda ukijua.

"Kila mlango una mbwa," Vidosava akasema.

Tangu siku hiyo hakulala. Simu ikilia anashtuka, mtu wa posta akipita anajificha nyuma ya pazia na magongo yake. Nilimpikia supu ya kuku ikaganda mezani. Alichokiogopa zaidi ni Jumapili, kwa sababu kila Jumapili Milojko alikuwa akija kumpasulia kuni. Alikuja na mkate wa Dobrila, akafagia theluji iliyochelewa, na siku za mazoezi ya nyonga akampeleka na kusimama pale akijifunza namna ya kumshika. Kisha, kila alipoondoka, alisema palepale mlangoni:

"Sema ulichokwisha kusema, somo. Neno moja tu. Leseni ikienda mimi nimekwisha."

Milojko anaendesha basi dogo la wanafunzi wa vijijini. Hana kazi nyingine anayoijua.

Vidosava alikuwa ameamua kusema uongo. Aliniambia hivyo, nami sikumzuia. Mjukuu alikuwa karibu kuzaliwa, na mimi pia naamini mambo ya laana, japo sipendi kukiri. Kisha asubuhi moja akanipigia simu.

"Alisimama hapa sasa hivi kunipa mkate dirishani. Ananuka rakia."

"Milojko?"

"Watoto wamo ndani ya basi. Wanachora kwenye vioo. Wamenipungia mkono."

Nilikaa na simu sikioni nikiogopa pamoja naye.

Siku ya kuitwa nilimpeleka mjini kwa gari langu. Ofisi ya mwendesha mashtaka iko ghorofa ya pili ya jengo kongwe lisilo na lifti, na kupanda tu kulituchukua muda. Ukumbini walikuwa wameketi Milojko na Dobrila, wamevaa nguo za kanisani. Milojko akamwamkia kwa kumbusu mara tatu mashavuni, kama kawaida. Meno ya Vidosava yalikuwa yakigongana.

"Mtoto wa Nenad itakuwaje?" akaninong'oneza.

"Sijui, Vida."

Verica akamshika mkono, mlango ukafungwa. Nje hapakusikika kitu. Milojko alizungusha kofia magotini, Dobrila alitazama sakafu. Wakati fulani karani alitoka kuchota maji, akarudi nayo ndani, na moyo wangu ukaniambia kwamba Vidosava bado hajafungua kinywa.

Alipotoka, uso ulikuwa umelowa. Alinisogelea karibu kabisa, akasema ili nisikie mimi tu, "Nimemtaja somo." Verica alibaki ndani. Hakuna aliyekuwa amemwambia Milojko lolote.

Milojko aliinuka. Hakumuuliza alichosema, kwa kuwa aliamini anakijua. Aliyatazama magongo, akazitazama ngazi, akanipa mimi kofia yake.

"Mtamwangusha nyie wanawake. Zamu yetu bado, acheni nimteremshe."

Nikabaki nimeishika kofia. Aliyachukua magongo kwa mkono mmoja, mkono wa pili akamzungushia kiunoni, kama alivyofundishwa mazoezini.

"Mguu mbovu kwanza. Hivyo. Sasa mzima," alisema. "Mbona unatetemeka hivi? Usiogope, somo, nimekushika."

Vidosava alimng'ang'ania mkono wa koti kwa mikono yote miwili, wakashuka.