Kifo cha Bindo

Girijanandan alikuwa ameandika riwaya sita, na zote zilisifiwa sana na watu waliopewa bure. Kila alipokutana na msomaji wake pale mjini Allahabad, India, kabla hajaulizwa hali aliombwa nakala nyingine ya bure yenye sahihi. Gazeti lake la kila mwezi alilihariri na kulichapa katika chumba cha chini cha nyumba yake mwenyewe, na mwaka huo lilikuwa taabani.

Chanzo kilikuwa Bindo. Bindo alikuwa mjane wa kwenye riwaya yake mpya, iliyotoka gazetini sehemu kwa sehemu, na wasomaji walishanusa kwamba mwandishi anataka kumwoza tena, na mila yao ilimkataza mjane kuolewa. Wakaja juu. Tarishi wa posta akawa anarudisha magazeti furushi kwa furushi: wasomaji wa Kanpur wameyakataa, wa Jabalpur wameyakataa. Watu wale walipenda mjane alie vizuri, na afe vizuri zaidi. Mungu awasamehe, maana mimi bado sijaweza.

"Panditji, muue tu huyo mama, tule," Badlu, mpanga herufi wake, alimwambia Girijanandan.

"Chunga mdomo wako, Badlu."

"Mdomo wenyewe haujaona dengu tangu juzi. Nikuchungie nini?"

Lakini juu ya chumba hicho cha kuchapia aliishi Sulochna, binti wa pekee wa Girijanandan, aliyefiwa na mume angali msichana na hakuwa amevua sari nyeupe ya ujane tangu hapo. Mwalimu Dinanath, mtu mpole, alikuja kumposa waziwazi, mchana kweupe. Girijanandan hakukataa. Alimwambia binti, "Ngoja kwanza nimwoze Bindo. Watu wakishamzoea yeye, nawe utapita salama." Yalisikika kama maarifa. Ulikuwa woga. Sulochna akangoja mwaka mzima Bindo amtangulie.

Furushi la Banaras liliporudi, Girijanandan alikaa chini asubuhi moja akamuua Bindo kwa homa. Hakutokwa na chozi. Alikuwa kama mtu aliyeukalia mguu mpaka ukafa ganzi.

Kusahihisha nyumbani mle kulikuwa na utaratibu wake: mmoja asome mswada kwa sauti, na alama zote azitaje, mwingine afuate karatasi iliyochapwa, kalamu mkononi. Siku zote msomaji alikuwa Sulochna. Safari hii Girijanandan angeweza kumwita Badlu. Hakufikiri; alimwita binti kama alivyozoea, baada ya chai.

"'Bindo akashikwa na homa, mkato, akaomba maji, nukta.'"

Alisoma bila kupandisha sauti wala kuishusha. Baba akafuata kwa kalamu.

"'Akafumba macho, mkato, akilitaja jina la mumewe wa kwanza, nukta.'" Akaweka kidole kwenye mstari. "Babuji."

"Naam."

"Hapa umeandika 'wa kwanza'. Wa pili sasa hayupo. Utayafuta?"

Ni kweli, yalikuwa mabaki ya zamani, ya wakati Bindo alipokuwa bado wa kuolewa tena. Girijanandan akayatazama maneno hayo mawili.

"Nayafuta," akasema, akayakata.

Walipomaliza, Sulochna alizipanga karatasi, ncha kwa ncha. "Mwalimu anakuja Jumapili. Nimwambie nini?"

Mtu aliyeandika kurasa mia tatu kutetea haki za wajane akatafuta sentensi moja, akaikosa. "Gazeti litapona, mwanangu," akasema.

"Haya. Nitamwambia asije."

Akaingia jikoni kukanda unga. Chini Badlu aliiwasha mashine ya kuchapia huku akipiga mluzi, mlafi yule, kwa furaha ya dengu. Girijanandan akakaa akisubiri uchungu uje. Haukuja. Mbele yake ilibaki karatasi moja, ya tangazo la mafuta ya nywele, na peke yake hakujua kusahihisha.

"Mwanangu," akaita, "njoo tumalizie hii."

Sulochna akaja na unga mikononi, akasimama nyuma yake, akaanza kusoma.