Nyekundu Iliyoishia Njiani

Kosa ni langu, msinitafutie kisingizio. Nilipamba mahali pa kuonya, mtu akafa maji. Nimeficha jina langu kwa sababu mama wa marehemu tunakutana sokoni hapa Garissa, na sina uso wa kumtazama.

Miaka ya tisini nilikuja kutoka bara, nikapata kazi ya kompyuta kwenye kiduka cha uchapaji. Kiburi kilinijaa jamani! Nani mwingine mjini alijua kupanga kurasa kama mimi?

Ikaja mvua, ile ya kutisha. Malaga, mito inayokaa mikavu karibu mwaka mzima, yakafurika. Hirsi, mwenye malori, akaleta mchoro wa njia ya Modogashe ili kila dereva wake apate ramani. Kwenye laga moja maji yalikuwa yamechimba shimo karibu na ukingo wa pili, na kwa juu huoni kitu.

"Dada, hapa nyekundu mbaka ng'ambo," akasema. "Usibambe!"

Mbaka! Usibambe! Alitaka kusema mpaka na usipambe, p zote zikawa b; nilicheka hadi nikashika meza. Nilisikia matamshi tu, maneno yenyewe yakanipita.

Nikachora umbo juu ya laga, nikafungua rangi za kujazia. Nyekundu tupu? Ushamba huo! Nikachagua ile ya kufifia: katikati nyekundu kali, ikienda pembeni inapauka mpaka inakuwa nyeupe. Kwenye skrini ilimeremeta, nikajisifu mwenyewe.

Karatasi ilipotoka kwenye printa, niliona. Ole wangu, niliona! Weupe ulikuwa umeangukia palepale penye shimo. Nikasema, ah, madereva si wanaijua njia? Nikakata karatasi, nikazipanga.

Abdi, mpwa wake Hirsi, ndiye aliyekuja kuzichukua. Kijana wa utani, dereva. Akaitazama ramani, akacheka.

"Dada, hii imenibamba kweli!" Yaani imempendeza, kwa lugha ya vijana.

Akaniachia maziwa ya ngamia kwenye chupa, akasema chupa ataipitia akirudi.

Hakurudi. Utingo wake aliokolewa akiwa ameng'ang'ania mti. Akasimulia kwamba Abdi alisimamisha lori kwenye laga ile, akaitandaza ramani kwenye usukani, akasema, "Tupite huku, hapa nyekundu imekwisha."

Mungu wangu, nyekundu imekwisha!

Baada ya maziko Hirsi alikuja dukani. Nilingoja matusi, hata kofi ningelipokea. Akaweka mchoro uleule mezani, sauti yake chini kabisa.

"Leo usibambe, dada. Mbaka ng'ambo."

Nikajaza nyekundu tupu, ukingo hadi ukingo. Sikucheka.

Chupa ya Abdi ninayo hadi leo, sijapata ujasiri wa kuirudisha kwao.

Nyinyi mnaochezea rangi, nisikieni! Mtu akikupa kazi, usiucheke ulimi wake, sikia anachokuambia. Maana yuko mtu mwenye haraka, na mvua inanyesha, naye atavuka palepale rangi yako ilipoishia.