Salamu ya Upande wa Mbele

Kilian wa Mbinga mjini ni fundi wa programu, na kwake salamu ni kupoteza muda. Ndiyo maana tulishangaa alipoungana kikazi na Hafidha, binti wa muuza vitenge, mtu wa kusalimia hata mlinzi aliyesinzia. Wawili hao waliwatengenezea wakulima wa Mkumbi tovuti ya kupanga zamu kwenye mashine ya kumenya kahawa. Kahawa iliyochumwa leo haingoji. Ikikosa zamu inachacha.

Kilian aliandika upande wa nyuma kwa Python: seva na upangaji wa zamu. Hafidha aliandika kwa JavaScript kile mkulima anachokiona kwenye simu. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake.

"Wewe kaa jikoni, mimi niko sebuleni na wageni," Hafidha alimtania. Siku moja akaomba seva imletee pia mwaka wa kuzaliwa wa kila mkulima.

"Wa nini?"

"We nipe tu, kaka Kilian."

Akampa, huku akinung'unika.

Machi uzazi ukamchukua Hafidha, yeye na mtoto. Makaburini Kilian alisimama nyuma ya watu wote.

Julai, msimu umepamba moto, kurasa za Hafidha zikaanza kugoma kwenye baadhi ya simu. Kilian akazifungua, asielewe kitu. Alijaribu kujifunza JavaScript huku kahawa ikichacha kwenye magunia. Mwishowe akazifuta zote, akaandika nyingine zinazotengenezwa kwenye seva kwa Python. Mwaka wa kuzaliwa akautoa, maana hakuona kazi yake. Zamu zikarudi, nasi tukampongeza.

Agosti alipokwenda Mkumbi, Mama Walburga, mkulima mwenye mvi kichwa kizima, alimfuata na simu mkononi.

"Zamu zinakwenda, mama?" Kilian akauliza.

"Zinakwenda. Ila yule binti wa humu kwenye simu, mbona siku hizi haniamkii? Vijana alikuwa akiwaambia habari za leo, sisi wazee shikamoo. Nami naitikia marahaba mwanangu, hata wakinicheka. Nimemkosea nini?"

Kilian akakaa juu ya gunia.

"Hujamkosea, mama. Alifariki."

"Lini?"

"Machi."

Mama Walburga akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Mwezi wa saba alikuwa bado ananiamkia."

"Ni kweli alikuwa akikuamkia," Kilian akasema, machozi yakimtoka. "Niliyemnyamazisha ni mimi."