Asili ya Paka Wetu Kapita

Makayabu, wale samaki wa chumvi, yanapochemshwa kwa maji ya kwanza, yale ya kuondoa chumvi, harufu yake huingia kwenye mapazia na nguo na haitoki mpaka kesho yake. Watu wengi hufungua madirisha. Mimi huyafunga, kwa sababu ndani ya harufu hiyo yumo Kapita, paka wetu wa Musonoi, mtaa wa mgodi huko Katanga, na ninaogopa kwamba siku moja nitainusa nisimwone. Nilipokuwa msichana wa miaka tisa tuliishi katika nyumba ya kampuni, ya matofali, yenye namba na jina la baba mlangoni, karibu na shimo la mgodi kiasi kwamba vikombe vilicheza kabatini kila baruti ilipolipuka. Baba alikuwa fundi wa mashine. Kila mwezi kampuni iligawa posho ya unga, mafuta na makayabu, na Kapita, wa kijivu, sikio moja limechanika, aliijua siku ya posho kabla ya karani kuitangaza. Kapita, kwetu, ni msimamizi wa zamu, na jina hilo alilipata kwa kazi. Alasiri king'ora cha kampuni kilipolia, aliruka juu ya nguzo ya lango, akakaa wima na kuwatazama wanaume wanaorudi mmoja mmoja, kana kwamba aliyechelewa angekatwa mshahara. Baba alimpigia saluti. Mtaa mzima ulijua, na baadhi ya wenzake nao walimpigia.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao vitu vyote vilichakaa kwa pamoja. Mashine zilisimama kwa kukosa vipuri, posho ikapungua kisha ikakoma, na siku moja king'ora kikanyamaza. Kapita naye akabadilika. Aliacha kuruka, alisimama chini ya nguzo, akaitazama juu, akapima, akaona afadhali akae chini. Alikunywa maji kama aliyetoka safari, tena katika beseni la kufulia. Akishakula alisahau, akarudi kwa mama kudai chakula kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Yeye ambaye hakupenda kushikwa sasa alinifuata mpaka chooni. Manyoya ya mgongoni yalishikana mafundo, na nilipojaribu kuyachana alinikaripia, kisha akanilamba mkono kuomba radhi. Lililonisumbua zaidi lilikuwa ukuta. Alikaa mbele ya ukuta wa sebuleni, ule wa upande wa stesheni, akautazama na kulia, sauti ndefu isiyo ya njaa. Jambo moja tu halikubadilika. Saa ileile ya king'ora, ingawa king'ora hakikuwepo tena, aliinuka na kwenda langoni. Kampuni yenyewe ilikuwa imesahau saa zake, Kapita hakuzisahau.

Jirani yetu alikuwa Kaku Ntumba, bibi wa asili ya Kasai, jimbo la mbali, aliyeletwa Musonoi akiwa bibi harusi wa mchimbaji. Tulimwita Kaku, yaani nyanya, ingawa hatukuwa ndugu. Ni yeye aliyemleta Kapita, siku za nyuma, kutoka kwao Kasai kwa treni, ndani ya kikapu cha mahindi, na ni yeye aliyemfukuza baada ya wiki mbili kwa kosa la kula vifaranga vitatu. Paka akavuka ua, akawa wetu. Sasa, katika uzee wake, alianza kuvuka kurudi. Asubuhi tulimkuta kizingitini kwa Kaku akisubiri mlango ufunguliwe, kana kwamba ile kesi ya vifaranga imefutwa.

Mwaka huohuo wakubwa wa Katanga walitangaza kwamba watu wote wa asili ya Kasai warudi kwao. Niliona familia zikipita na vitanda, masufuria, cherehani vichwani, kwenda stesheni kusubiri treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Watoto wa Kaku walikwenda. Yeye alikataa. "Kwetu ni wapi tena?" alimwambia mama. "Mi nilifika hapa hii cité ya wachimbaji haiyapata hata umeme. Nimezika bwana yangu hapa. Treni inipeleke kwa nani?" Mama hakubishana. Alimhamishia katika jiko letu la uani, akaweka gunia mlangoni, akanishika mabega: mtu yeyote akiniuliza kuhusu Kaku, nisiseme neno.

Sasa, mtoto mwingine angetii akaenda kucheza. Mimi nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, na katekista alikuwa ametufundisha kwamba uongo hauna mdogo. Basi nikakaa na mambo mawili yasiyokaa pamoja. Halafu, kwa kuwa kichwa changu hakijui kupumzika, likaja la tatu. Kapita naye alizaliwa Kasai. Alikuja kwa treni. Analia akitazama upande wa stesheni, anarudi nyumbani kwa Kaku, hashibi, hatulii. Niliona wazi: paka amesikia tangazo, anajua kwamba linamhusu, anatuaga. Nilimpelekea Kaku habari hiyo jikoni, nikinong'ona. Alicheka akiziba mdomo kwa kitenge mpaka machozi yakamtoka. "Mutoto, hii paka haiende fasi yoyote. Iko muzee! Mi na ye tuko sawa. Jana nilitia chumvi mu sombe mara mbili, uliona nikilia ku ukuta?" Nikafikiri: anasema hivyo ili nisihuzunike. Nikamficha Kapita chini ya kitanda, ndani ya koti la kazi la baba.

Walikuja alasiri, vijana watatu waliosaka watu wa Kasai waliobaki, mmoja ana daftari. Baba hakuwapo. Mama alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo, mgongo wake ukielekea mlango wa jiko, na hakuacha kutwanga. Alijibu kwamba nyumba ni ya watu wa Katanga, waangalie jina mlangoni. Mwenye daftari akaniinamia mimi. "Mutoto, we sema kweli. Mu hii nyumba kuko muntu wa Kasai?"

Kinu kikasimama. Nililia kwanza, halafu nikasema. "Ni mumoja tu, tata. Eko chini ya kitanda. Lakini eko muzee, hawezi kutembea mpaka stesheni, na anasahau kama amekula!"

Sitasahau uso wa mama. Wale wawili waliingia mbio chumbani, tukasikia kitanda kikisukumwa, halafu kicheko. Walitoka wakishikana kwa kucheka. "Chef, ni paka! Tumekamata munyama wa Kasai!" Mwenye daftari hakucheka; aliona amedhihakiwa, akatazama huku na huku, na macho yake yakafika kwenye lile gunia. Alipiga hatua mbili kuelekea jikoni. Ndipo Kapita akatoka. Hakutoka kwa ajili yetu, nasema hivyo kwa haki. Saa yake ilikuwa imefika. Alipita katikati ya miguu yao polepole, akiburuta kidogo miguu ya nyuma, akafika langoni, akakaa wima chini ya nguzo na kuitazama barabara tupu.

Yule mwenye daftari akageuka. "Aa-ah! Si ni Kapita huyu? Angali muzima?" Uso wake ukawa wa mtoto ghafla. "Baba yangu alikuwa anamupigia saluti, kila siku, na mi ku mabega yake." Alisimama kidogo akimtazama, akafunga daftari, akawaambia wenzake twende. Na alipopita langoni, mkono wake uliinuka mpaka kwenye paji la uso. Sijui kama alijua.

Kaku alitoka jikoni akicheka. "We mutoto! Umeuzisha paka juu ya kuniokoa mi!" Mama alichemsha kipande cha mwisho cha makayabu, kilichofichwa kwa sikukuu, na nusu yake akapewa Kapita. Alikula, akasahau, akadai tena. Akapewa tena. Kaku hakuondoka Musonoi; mvua zilipoanza na msako kutulia, alirudi nyumbani kwake, na kwenye komunyo yangu alicheza ngoma kuliko vijana. Kapita alifariki kabla ya siku hiyo, langoni, juani, baada ya zamu. Baba alimpigia saluti.

Nimemaliza chuo sasa, ninatafuta kazi, na bado najiuliza kama alasiri ile nilimwokoa Kaku au nilimsaliti Kapita bila hata kufikiri. Nimemuuliza mama mara nyingi. Husema nile kwanza. Kampuni mpya hazina king'ora wala posho, malori yao hupita usiku na mchana, na hakuna anayekaa langoni kutazama nani amerudi. Lakini zina fomu, na kila fomu ina mstari wa asili. Miaka yote nimeandika hapo kijiji cha babu yangu, ambacho sijawahi kukikanyaga. Juzi niliandika Musonoi. Karani akainua kichwa: hapo ni kwao baba au kwao mama? Nilitaka kusema ni kwao paka. Ila nahitaji kazi ile. "Ni kwetu sote," nikamjibu, naye akaandika.